Mji Hutazama Njia Yake

Juma hili twawaalika kutafakari jambo ambalo sote hupita mbele yake kila siku bila kulitazama, yaani nyumba na njia za mji. Wako watu wadhanio kwamba habari za majengo ni kazi ya mafundi na wachora ramani tu, na kwamba Mkristo hana la kusema hapo ila kutoa mchango wa saruji na mabati siku Padre atakapotangaza kanisani. Sisi hatuoni hivyo. Nyumba ni mwalimu asemaye polepole. Mtoto akuaye kati ya kuta fulani hujifunza kwazo nani ni jirani, nani ni mgeni, na nani asiyetakiwa kupita. Kwa hiyo yatupasa kujiuliza kuta zetu zinafundisha nini.

Tuuchukue mji wa Dar es Salaam uwe mfano wetu, kwa kuwa wengi wenu mwaujua, ama kwa kukaa humo, ama kwa kuwa na ndugu aliyekwenda huko kutafuta maisha.

Njia ikihama

Huulizwa mara kwa mara kwa nini Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kule ukingoni mwa bandari, katikati ya maofisi, hali waamini walio wengi wanakaa Mbagala, Kimara, Tegeta, Gongo la Mboto na ng'ambo ya Kigamboni. Jibu lake ni jepesi. Wamisionari Wabenediktini walipoanza kulijenga mwaka 1897, mlango mkubwa wa mji ulikuwa bahari. Padre alikuja kwa meli, barua ilikuja kwa meli, na mgeni aliyetoka mbali aliuona mji kwanza akiwa bado juu ya maji. Kanisa lilipokwisha, mwaka 1902, mnara wake ulikuwa kama mkono ulioinuliwa kumpungia msafiri. Ndugu zetu Walutheri nao walijenga kanisa lao la Azania Front katika ukingo ule ule, miaka ile ile. Wote wawili walijenga penye njia.

Hapo twapata fundisho la kwanza: mji huelekeza uso wake upande wa njia iuleteayo watu. Na njia ikihama, uso wa mji hugeuka, hata kama mawe yamebaki palepale.

Tazameni Bagamoyo. Misafara ya wapagazi kutoka Tabora na Ujiji ilishukia hapo, pamoja na pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani. Ndiyo maana Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni yao hapo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa na kuwapa makao. Lakini maji ya pwani ya Bagamoyo ni haba. Jahazi laweza kukaribia, meli kubwa haiwezi. Dar es Salaam, ambako Sultani Majid wa Unguja alikuwa ameanza kujenga mji katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, ilikuwa na bandari yenye kina na iliyokingwa na upepo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya serikali yao huko. Mwaka 1905 ilianzwa reli kutoka huko kwenda bara, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya wapagazi ikaota majani. Hakuna adui aliyezivunja nyumba za mawe za Bagamoyo. Njia tu ilihama, na kuta zikabaki zikiwangoja wasafiri wasiokuja tena.

Hata kizazi chetu kimeliona jambo hilo. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakiegeshwa Ubungo yalihamishiwa stendi mpya ya Mbezi. Kwa siku chache tu, mama lishe, wachukuzi wa mizigo, wenye nyumba za kulala wageni na wauza maji walijua maana yake. Palipokuwa pamejaa pakawa na nafasi, na palipokuwa kimya pakawa na kelele usiku na mchana. Nani aliuliza, kabla ya siku ile, mama aliyeuza chai kwa miaka mingi getini atakwenda wapi na birika lake? Achoraye njia huchora pia riziki za watu, naye atatoa hesabu juu ya zote mbili.

Nyumba na baraza

Fundisho la pili liko katika nyumba zenyewe. Wazee wa pwani hawakujenga kwa kubahatisha. Walijua kwamba nchi yao ina joto na unyevu, na kwamba upepo wa kaskazi una wakati wake na wa kusi una wakati wake. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, au kwa fito na udongo na makuti, kadiri ya uwezo wa kila mtu. Kuta zilikinga jua, na hewa ilipata pa kupita. Leo twajenga majumba marefu ya vioo visivyofunguka, kisha twanunua mashine za kuyapooza, na umeme ukikatika hatuna budi kutoka nje ili tupate kupumua. Mtu akijenga bila kuusikiliza upepo wa mahali pake, atalipa gharama kila mwezi.

Lakini zaidi ya hewa, tutazame mpango wa nyumba ya Kiswahili kama ilivyojengwa Kariakoo na Ilala. Ukumbi hupita katikati toka mlango wa mbele hadi uani. Vyumba vitatu viko upande huu na vitatu upande ule. Uani kuna jiko na choo. Na mbele, chini ya paa, iko baraza. Nyumba hiyo ilifaa sana kwa mji wa wasafiri. Kijana aliyetoka Songea, Kigoma au Singida alipanga chumba kimoja. Jioni aliketi barazani, akajua bei za sokoni, akasikia wapi kuna kazi, akajifunza kuzungumza na watu wa makabila ambayo kwao hakuyajua. Akiugua, mpangaji wa chumba cha pili alijua, maana hawakumwona ukumbini asubuhi. Akifiwa, mkeka ulitandikwa pale pale. Baraza haikuwa mali ya mwenye nyumba peke yake, wala haikuwa ya njia. Ilikuwa mahali ambapo mgeni aliweza kuketi kabla hajaulizwa ametoka wapi.

Mkristo akitaka kuelewa thamani ya baraza, na asome habari za Ibrahimu katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18. Mzee yule hakuwa na mji wala nyumba ya mawe. Alikuwa mtu wa safari, akaaye hemani. Lakini wakati wa joto la mchana aliketi mlangoni, akawaona wageni watatu, akawakimbilia. Kama angalikuwa amejifungia ndani, wageni wale wangalipita, na ile ahadi ya mtoto waliyoileta asingaliisikia siku ile.

Sasa tutazame mitaa yetu. Mtu akinunua kiwanja siku hizi, kazi ya kwanza ni kukizungushia ukuta, hata kabla ya kuchimba msingi wa nyumba. Juu ya ukuta hupandwa vipande vya chupa au nyaya. Hatuwalaumu wenye kufanya hivyo, kwa kuwa wezi wapo, na baba wa nyumba ana wajibu wa kuwalinda watoto wake. Lakini tuseme kweli yote. Njia yenye kuta ndefu pande mbili, isiyo na dirisha wala mtu wa kuketi, ni njia ambayo mwizi huipenda, kwa maana hakuna amwonaye. Barazani palikuwa na macho ya watu. Ukuta hauna macho.

Alama na maana yake

Fundisho la tatu ni juu ya alama. Mji hujengwa pia kwa sanamu, minara na majina, na wenye mamlaka wameijua nguvu ya vitu hivyo siku zote. Wajerumani walisimamisha katikati ya Dar es Salaam sanamu ya gavana wao Wissmann. Waingereza walipoushika mji waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka karibu na hapo sanamu ya shaba ya Askari, ukumbusho wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi yaliyo chini yake yawataja askari na pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Lakini tukiinua macho twamwona askari na bunduki yake tu. Mpagazi, aliyekufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa njiani, hakusimamishwa pale juu pamoja naye.

Hata hivyo hakusahauliwa. Kikosi chake, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, kilipiga kambi upande wa nyuma wa mji, na watu wakalitamka jina lile kwa ulimi wao: Kariakoo. Hapo pakawa soko kubwa kuliko yote nchini. Jengo lake lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli, naye alilipa mapaa yaliyokaa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ili kumpa kivuli mwenye kuuza na mwenye kununua. Moto ulipoliunguza mwezi Julai mwaka 2021, watu walilia kana kwamba wamefiwa na ndugu. Basi alama iliyowekwa na wakubwa yasimama njia panda, nasi twaizunguka kwa magari. Alama iliyotokana na mzigo wa wanyonge tungali twaitamka kila siku.

Uko mfano mwingine mkubwa zaidi. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa sheria za ujenzi: Wazungu walikaa upande wa bahari penye upepo, Wahindi katikati, na Waafrika nyuma. Kati ya nyumba za Waafrika na sehemu nyingine uliachwa uwanja mtupu, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Uliachwa ili utenge watu. Lakini watu waliotengwa waliufanya kuwa mahali pa kukutania, pa kucheza, pa kusikiliza hotuba. Na baada ya Uhuru ulisimamishwa hapo mnara wenye Mwenge. Ardhi iliyokuwa mpaka ikawa ukumbi. Hapo twajifunza kwamba mwenye kuchora ramani ana neno la kwanza, ila neno la mwisho husemwa na miguu ya watu.

Nasi katika siku zetu twaziona alama mpya. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ili serikali ikae katikati ya wananchi badala ya kukaa ukingoni mwa bahari palipochaguliwa na wageni. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na stesheni yake ya Dar es Salaam imepewa umbo la kukumbusha jiwe la tanzanite. Hizo ni alama njema. Lakini jiwe la thamani likimetameta stesheni, na msafiri akishuka asipate njia ya kutembea kwa miguu mpaka kwake, alama hiyo itakuwa imesema jambo ambalo mtaa haukulitimiza.

Mitaa mipya

Tumefika sasa penye jambo lenyewe lililotufanya tuandike. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika Dar es Salaam watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Watu hao wanaongezeka wapi? Si bandarini wala Kariakoo. Wako Chanika, Chamazi, Bunju, Kibamba, na kando ya kila barabara itokayo mjini. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro yamewapunguzia wengi taabu, lakini wako wengi zaidi ambao huamka kabla ya alfajiri ili wawahi daladala, nao hurudi watoto wamekwisha lala. Kwao mtaa ni mahali pa kulala tu.

Mitaa hiyo huzaliwaje? Mwenye shamba hukata kipande akamuuzia mmoja, kisha kipande kingine akamuuzia wa pili, hata mikorosho yote ikaisha. Kila mnunuzi husogeza ukuta wake kidogo. Baada ya miaka 10 njia yabaki ya pikipiki tu. Nyumba ikiwaka moto, gari la zimamoto halifiki. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa mpaka barabarani. Jeneza hupitishwa juu ya vichwa kwa kuinamisha. Uwanja wa watoto haupo. Mahali pa shule, pa zahanati na pa sala hutafutwa baadaye, kwa bei ambayo maskini walioijenga mitaa hiyo hawaimudu.

Twasema kwa huzuni kwamba mji wetu umegeuza uso kuelekea barabara, na haujageuza uso kuelekea watu hao. Wao ndio wasafiri wa leo. Babu zao walipokewa na mnara wa kanisa ukingoni mwa bahari, au na baraza ya Kariakoo. Wao hupokewa na nini?

Yatupasayo

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba haitoshi kutafuta uzuri wa mchoro wa jengo. Uzuri ulio bora zaidi ni ule wa maisha ya watu, kupatana kwao na mahali pao, kukutana kwao na kusaidiana. Fundisho hilo si la Ulaya tu. Lina kazi tatu kwetu.

Kwanza, ardhi ya wote itengwe kabla haijaisha. Pale penye kazi ya upimaji na urasimishaji wa makazi, wakazi huombwa wakubaliane juu ya njia na maeneo ya huduma. Wakristo wasiwe wa mwisho kutoa hatua 2 za viwanja vyao, wala wa kwanza kuficha mawe ya mpaka. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waende kwenye mikutano ya mtaa, waketi pamoja na majirani Waislamu na wengineo, waulize kwa sauti: watoto watacheza wapi? Mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya wote patamfaa kila mmoja.

Pili, tutazame malango ya parokia zetu. Kanisa letu laweza kuwa na mnara mrefu, kengele nzuri na sakafu ing'aayo, lakini lango lake likifungwa kwa kufuli toka Jumapili hadi Jumapili, mpita njia husoma kufuli kabla ya kusoma msalaba. Parokia iliyoko kando ya kituo cha basi yaweza kuweka nje ya ukuta wake benchi la saruji, mti wa kivuli na bomba la maji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vigae vya altare. Mzee angojaye gari akiketi hapo, atakuwa ameingia barazani mwa Kanisa kabla hajajua.

Tatu, tusizidharau nyumba zetu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokazia Jumuiya Ndogo Ndogo katika miaka ya 1970, walilirudisha Kanisa nyumbani kwa watu. Jumuiya haina mnara. Ina sebule ya mtu, au kivuli cha mwembe wake, na lango lililo wazi jioni moja katika juma. Basi tuulize katika mkutano ujao: Je, mpangaji mpya wa nyumba ya pili amealikwa? Je, mlemavu wa miguu aweza kufika tunapokutania? Je, njia ipitayo mbele ya ukuta wetu ni pana kiasi gani, nasi tumeipunguza kwa hatua ngapi?

Wakristo twajua kwamba hapa duniani tu wasafiri, na kwamba mji wetu wa kudumu uko kwa Mungu. Wengine hudhani kwamba kwa sababu hiyo habari ya miji hii yapitayo haituhusu. Sivyo. Ni msafiri ndiye ajuaye, kuliko mtu yeyote, thamani ya kivuli kilichoachwa njiani na mwingine. Mwenye kiwanja na ajenge, na ukuta aujenge kama hana budi. Lakini kabla ya kupiga mstari wa msingi, arudi nyuma hatua moja, aache mahali pa mtu kuketi.